Tomato Ya Bure Inakatwa Kwenye Mshahara Wa Nani?

Wiki hii mjini hakuna ngoma mpya iliyotikisa, hakuna penzi lililovunjika na hakuna staa aliyebadili gari. Kilichotrend ni tomato. Ndiyo, tomato sosi, ile ya kwenye pakiti ndogo ambayo watu wanaichana kwa meno.

Kwa ambaye bando lilikata, stori iko hivi. Dada mmoja maarufu mjini, mwenye jina na wafuasi wa kutosha, na ambaye kila anachokula lazima wafuasi wake wakione kwanza, aliingia usiku kwenye mgahawa mmoja wa kuku wa kukaanga jijini Dar. Akaagiza kuku, chipsi na soda za watu wanne, jumla elfu 45. Akalipa. Mzigo ukaja umefungwa vizuri, ndani kuna pakiti nane za tomato na nne za pilipili. Akaomba aongezewe. Mhudumu akaongeza mbili. Akaomba tena. Hapo ndipo mhudumu akasema maneno yaliyowasha moto:

"Samahani dada, zikizidi hapo zinalipiwa. Mia mbili mbili."

Simu ikatoka kwenye pochi, kamera ikawashwa.

"Jamani angalieni! Nimenunua kuku wa elfu 45 halafu huyu ananihesabia tomato! Hebu rudia ulichosema. Rudia wakusikie!"

Mhudumu hakurudia. Aliangalia chini, akachukua kitambaa, akaanza kufuta kaunta ambayo tayari ilikuwa safi. Klipu haifiki hata dakika moja. Ikapandishwa usiku ule ule, na kulipokucha sura ya yule binti ilikuwa kwenye kila simu. "Roho mbaya." "Ushamba tu." "Kwani tomato ni ya baba yake?" Halafu ikaja ile iliyopigiwa lovu nyingi kuliko zote: "Ndiyo maana mnabaki kuwa wahudumu."

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyofanya jambo hili lisiwe la kucheka tena.

STAA ANA HOJA, UKWELI USEMWE

Kabla povu halijaanza kutoka, dada wa watu apewe haki yake. Kuna jambo moja amelisema ambalo ni kweli tupu: ile tomato hakuwa anaomba msaada. Alishailipia.

Neno "bure" kwenye migahawa ni neno la mitego. Ukilipa elfu 45 hujalipia kuku peke yake. Umelipia mafuta, gesi, kodi ya fremu, umeme wa ile AC, boksi, tishu, kijiti cha kuchokonolea meno na hiyo tomato. Hakuna mfanyabiashara anayegawa kitu kila siku bila kukiingiza kwenye bei. Mwenye mgahawa alishapiga hesabu zake mapema: kila oda itoke na sosi kiasi fulani, basi bei iwe hivi. Kwa hiyo mteja anayeuliza "mbona mnanibania" haulizi ujinga.

La pili, hakukuwa na tangazo. Hakuna karatasi ukutani, hakuna mstari kwenye menyu, hakuna chochote kwenye risiti kinachosema oda ya watu wanne ni pakiti kumi mwisho. Sheria ya nyumba ilikuwa kwenye mdomo wa mhudumu tu. Mtu anaambiwa usiku, foleni nzima iko nyuma yake inasikiliza, eti "unadaiwa mia mbili". Mjini hapa kuna watu wataikopa hiyo elfu 45 ili mradi wasionekane hawana mia mbili. Aibu ile inaeleweka.

Hadi hapo, staa yuko sahihi. Aliharibu alipochagua wa kumwelekezea kamera.

AMBACHO KAMERA HAIKUONYESHA

Siku ya pili, katikati ya matusi yote yale, akajitokeza mtu kwenye komenti. Alijitambulisha kuwa anafanya kazi pale pale, zamu moja na yule binti. Hakutukana mtu. Aliandika kwa ufupi jinsi mambo yanavyokwenda humo ndani.

Asubuhi meneja anatoa maboksi ya sosi, pakiti zinahesabiwa, mtu wa kaunta anasaini. Usiku wakati wa kufunga zinahesabiwa tena. Zilizotoka zinalinganishwa na oda zilizouzwa. Ikionekana zimetoka nyingi kuliko oda, zilizopotea zinageuzwa kuwa hela, na hela hiyo inagawanywa kwa waliokuwa zamu. Mwisho wa mwezi inakatwa.

Chukua mfano mwepesi wa kufanyia hesabu. Tuseme siku moja zimezidi pakiti hamsini, na kila moja inahesabiwa mia mbili. Hiyo ni elfu kumi. Zamu ina watu wanne. Kila mmoja anadaiwa buku mbili na jero kwa siku hiyo. Kwa mtu mwenye mkwanja wake hicho si kitu, anakiacha kama chenji. Kwa binti anayepanda daladala mbili kwenda kazini na mbili kurudi, hiyo ni nauli. Zikitokea siku kumi za namna hiyo kwa mwezi, amekatwa elfu 25, na hakuna hata tone la tomato lililoingia mdomoni mwake.

Kwa hiyo aliposema "zikizidi hapo zinalipiwa", hakuwa analeta roho ya kwanini. Alikuwa analinda nauli yake. Na zile pakiti mbili alizoongeza mwanzoni bila kusema neno, kuna uwezekano mkubwa alizilipia yeye. Yaani staa wa watu alishafadhiliwa na mhudumu, halafu akamrekodi.

Yule mfanyakazi mwenzake akamalizia kwa kusema binti ameambiwa "apumzike kwanza mpaka mambo yatulie". Mfanyakazi yeyote wa mjini anajua maana ya sentensi hiyo. Hakuna barua, hakuna tarehe ya kurudi, na hakuna mshahara wa siku za kupumzika.

Na kama hiyo haitoshi, wana wenye vidole vyepesi wakafukua klipu ya mwaka jana ya dada huyo huyo, ile aliyowatembeza wafuasi jikoni kwake. Anafungua droo kutafuta kijiko. Droo imejaa pakiti za tomato na pilipili za kila mgahawa wa mjini, nyingine zimevimba kwa kukaa sana. Zile kumi za juzi zingeishia humo humo.

SHERIA INASEMAJE?

Hapa wenye migahawa wasikimbie. Kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 28 kinaongelea makato ya mshahara, na hakimruhusu bosi kukata tu kwa sababu hesabu ya usiku imegoma.

Ili mwajiri akate mshahara kwa ajili ya hasara, lazima hasara hiyo iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Lazima amwandikie mfanyakazi: hasara imetokana na nini, ni kiasi gani, na kiasi hicho kimepatikanaje. Lazima ampe nafasi ya kupinga. Hawezi kukata zaidi ya hasara halisi, na jumla ya makato hayo haitakiwi kuzidi robo ya mshahara.

Sasa pima hiyo na "zamu nzima mtalipa". Pakiti ambayo mteja ameing'ang'ania, kosa la mfanyakazi liko wapi? Maandishi yako wapi? Nafasi ya kujitetea aliipata lini? Mfanyakazi anayekatwa namna hiyo ana pa kwenda, ndiyo kazi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ila kila mtu anajua kwa nini wengi hawaendi. Kazi zenyewe hazina mkataba wa maandishi, na nje ya mlango kuna binti mwingine ameshika bahasha ya CV anasubiri.

Ndiyo maana kwenye sakata hili mtu aliyepaswa kurekodiwa ni yule ambaye hakuwepo pale kaunta. Mwenye mgahawa ametunga sheria ya pakiti, akaogopa kuibandika ukutani asije akakimbiza wateja, halafu akampa binti wa watu kazi ya kuitangaza kwa mdomo na kuilipia kwa mshahara. Akibana, anatukanwa na mteja. Akiachia, anakatwa na bosi.

KITAANI NAKO NI VILE VILE

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya migahawa ya AC. Sogea Sinza, Tabata, Mbagala au Kinondoni saa mbili usiku. Simama pembeni ya kibanda chochote cha chipsi, angalia bila kununua.

Kijana yuko nyuma ya karai. Kibanda si chake, ana hesabu ya kumpelekea tajiri kila siku. Bei ya chipsi kavu imeandikwa kwa chaki. Pembeni kuna ndoo ya kachumbari, chupa ya tomato, na chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko kwa msumari, ndani pilipili. Wateja wanajihudumia.

Sasa angalia mikono. Jamaa ameshuka kwenye gari, zege moja, kachumbari anachota vijiko vitano, tomato anaibinya mpaka viazi havionekani, halafu anasema, "Dogo, nifungie na kachumbari nyingine pembeni." Nyuma yake fundi aliyetoka saiti, ana buku jero tu mkononi. Hana hela ya mishikaki wala yai. Kachumbari kwake ndiyo mboga, ndiyo saladi, ndiyo kila kitu cha kijani atakachokula siku hiyo. Anafika kwenye ndoo anakuta maji ya chumvi na vipande viwili vya kitunguu.

Nyanya nazo hazina adabu. Mvua zikiharibu mashamba, sado inapanda bei ndani ya wiki moja, lakini bei ya chipsi kwenye ubao haipandi, maana wateja watahamia kibanda cha jirani. Kijana anafanya nini? Kachumbari inageuka kabichi na karoti. Tomato inaongezewa maji. Wateja wanalalamika kuwa "huyu dogo siku hizi amekuwa mchoyo", kumbe dogo anapambana hesabu ya tajiri itimie.

Mteja mwenye gari hajaiba, hilo lieleweke. Ndoo iko wazi na hakuna aliyemzuia. Lakini kitu kikiwa cha wote, anayejaza sahani anamchotea mwenzake. Kwenye kibanda cha chipsi mara nyingi anayekosa ni yule mwenye hela ndogo.

KWA WENZETU IKOJE?

Watu wengi wanadhani sosi ya bure ni haki ya dunia nzima. Hapana. Ujerumani, nchi tajiri kabisa, ukiingia migahawa mingi ya chakula cha haraka, ketchup unailipia, na imeandikwa kwenye menyu kama soda. Mteja anajua kabla hajatoa pochi. Hakuna anayetoa kamera.

Marekani ndiyo nchi ya kujichotea pakiti bila kuhesabiwa. Lakini mwaka 2021, kipindi cha Corona, watu walipohamia kubeba chakula nyumbani, pakiti za ketchup za Heinz ziliadimika mpaka ikawa habari kubwa. Watu wakashtuka kugundua kuwa kile kitu wanachokitupa droo nzima ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Na kule California, tangu 2022 sheria inataka vitu kama pakiti za sosi na vijiko vya plastiki vitolewe kwa mteja aliyeomba, sio kujazwa tu kwenye kila mfuko.

Jirani tu hapo Nairobi, muuza smokie anapasua smokie katikati na kuijaza kachumbari. Hutozwi ya kachumbari. Lakini kijiko anakishika yeye mwenyewe muuzaji, na kila mteja anapata kiasi kile kile, awe amevaa suti au ovaroli. Wateja wameridhika, maana hakuna anayeona mwenzake kapendelewa.

Mfano mzuri kuliko yote uko India. Mwaka 2023 bei ya nyanya ilipanda vibaya baada ya mvua kuharibu mazao. Migahawa mingi ya McDonald's ya kaskazini na mashariki mwa nchi ikaondoa nyanya kwenye baga kabisa. Ikabandika tangazo kuwaambia wateja nyanya hazipo kwa sasa. Watu walicheka, walipiga picha lile tangazo, wakatengeneza utani wa kila aina. Lakini utani ule uliligonga tangazo na kampuni. Haukumgonga binti wa kaunta.

Karatasi moja ukutani ingemwokoa yule binti wa Dar. Kuichapisha ni bei ya pakiti moja ya tomato.

SASA NANI AFANYE NINI?

Kwanza, mwenye mgahawa. Kama pakiti zina kikomo, andika. Andika kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, pale pale juu ya kaunta: oda ya mtu mmoja pakiti mbili, za ziada shilingi kadhaa. Au ongeza bei ya chakula kidogo na uache watu wachukue. Vyote viwili ni biashara halali. Kumkata mhudumu mshahara kwa sababu mteja anapenda tomato sio biashara, ni kumwonea mtu ambaye unajua hawezi kukujibu. Na yule binti arudishwe kazini. Alifuata maagizo yenu.

Pili, staa. Klipu bado iko kwenye ukurasa wake mpaka sasa, na inaendelea kuvuta watu. Kwake ni kiki, kesho atakuja na nyingine. Kwa yule binti ni sura yake, ambayo mwajiri mwingine ataikumbuka akienda kuomba kazi. Kuifuta hakuhitaji hata bando kubwa. Na kama ana ujasiri ule ule aliokuwa nao usiku ule, arudi pale pale na kamera ile ile, amuulize mwenye mgahawa kwa nini tomato za wateja zinakatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi. Klipu hiyo itapata watazamaji mara kumi, na safari hii kuna mtu atafaidika.

Tatu, mteja wa kawaida, wewe uliyesoma mpaka hapa. Chukua unayoila. Kama ni mtu wa pakiti sita, kula sita, hakuna dhambi. Lakini ukishaanza kuomba za kupeleka kwenye droo, jua kuna mtu nyuma ya kaunta anahesabu kimya kimya. Kwenye ndoo ya kachumbari, ukimaliza kuchota angalia nyuma yako yupo nani. Na mhudumu akikwambia "zimeisha" au "zinalipiwa", muulize taratibu, "Nyie mnakatwa?" Jibu lake, au kimya chake, kitakwambia mengi kuhusu mgahawa huo kuliko ladha ya kuku wao.

Halafu mwacheni yule aliyeandika "ndiyo maana mnabaki kuwa wahudumu". Wahudumu ndio waliomjua mchezo mzima ulivyo, ndio waliokuja kuusema ukweli na ndio waliokuwa wanalipia tomato za mji mzima. Lovu zote zile alizopata hazifiki hata nauli ya siku moja ya yule binti.

Wewe mdau unasemaje: tomato za ziada zilipiwe, au ziachwe bure na bosi abebe mwenyewe hasara? Na wewe unayefanya kazi kaunta, kwenu mnakatwa? Dondosha komenti hapo chini. Jina la mgahawa usiandike, wala usim-tag yule binti. Ameshatazamwa vya kutosha.